Akoth Anakwenda Nairobi

Mkaa ukilowa una harufu ya chuma baridi na udongo wa chini ya mtungi. Juzi nilipita Kondele mvua ikianza, wauza mkaa wakifunika magunia yao kwa karatasi za nailoni, na kabla sijatambua ninachonusa, miguu yangu ilikuwa imeshaanza kuharakisha. Sikuwa na haraka yoyote. Nilikuwa nimetoka tu kununua vitunguu. Lakini mwili ulikuwa umekumbuka kwamba mahali fulani kuna kuta zinakauka, na kwamba mtu anayepaswa kuzimwagia maji ni mimi.

Tuliishi ukingoni mwa Nyalenda, upande unaoshuka kuelekea kwenye matete ya ziwa. Nyumba ilikuwa ya vyumba viwili, na nyuma yake palikuwa na chumba cha tatu ambacho hakikuwa cha watu. Kuta zake zilikuwa za waya wa kuku, safu mbili mbili, na katikati ya safu hizo mkaa umejazwa mpaka juu. Ukiumwagia mkaa huo maji, upepo unaopita ndani yake hupoa, na jua la Kisumu linabaki nje likikasirika. Ndani mlikuwa na mbao zilizopangwa kama vitanda vya bweni, na juu ya mbao zililala jibini za mama yangu.

Mama alikuwa amejifunza kazi hiyo kwenye kiwanda kidogo cha maziwa huko milimani, mahali ambapo watu hulala na sweta. Kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani kwenye joto akiwa na ujuzi mmoja tu, na ujuzi wenyewe ulikuwa wa baridi. Baba alikuwa amefariki kabla sijajua kutamka jina lake. Basi Mama akajenga chumba cha mkaa kwa mikono yake na mikono ya mdogo wake, Anti Peres, akaanza kupokea maziwa kutoka Ahero, yakiletwa kwa baiskeli, mitungi ikining'inia pande zote mbili.

Majirani walilisikia lile neno la Kiingereza la jibini wakalitamka walivyoweza, na nyie wa rika langu mnajua kwa Kiswahili cha mtaani chizi ni mtu wa namna gani. Nyumba yetu ikawa kwa Mama Machizi. Kwenye foleni ya maji watoto waliniuliza kama machizi wetu wameamka, kama wameoga, kama leo wamepiga mtu. Mama aliposikia alicheka akasema hawajakosea sana, kwa sababu kichaa na jibini wote hawataki uwape mgongo.

Na kweli hakuwapa mgongo. Watu husema kazi ile ni ya subira, lakini mimi sijapata kumwona mtu asiyetulia kama Mama. Jibini changa hugeuzwa kila siku, zisije zikalalia upande mmoja na maji yote yakashukia huko. Zikikomaa kidogo hugeuzwa kwa kupokezana siku. Nyingine hufutwa kwa kitambaa cha maji ya chumvi, nyingine husuguliwa ukungu kwa brashi, nyingine hupakwa mafuta kama mtoto aliyetoka kuoga. Kila moja ilikuwa na zamu yake, na zamu zote zilikuwa kichwani mwa Mama. Aliinuka katikati ya chakula, tonge likiwa mkononi. Aliinuka katikati ya mahubiri, na mchungaji akawa amezoea kunyamaza kidogo mpaka mlango ufungwe. Nikiwa nasimulia jambo la shuleni niliona macho yake yakiondoka kabla yeye hajaondoka.

Mwanzoni alijaribu kuandika. Vikaratasi alivyobandika kwenye mbao vililewa unyevu, wino ukatoka, na ukungu ukala karatasi yenyewe. Akajaribu chaki, ikatiririka. Mwishowe akafanya kile ambacho kila mama wa Kijaluo hukifanya kitu kipya kikimjia mikononi: aliangalia nje ni saa gani na hali ya hewa ikoje, akakipa jina. Jibini iliyotoka kwenye kikamulio asubuhi ikawa Akinyi. Ya jua la utosini, Achieng. Zile ngumu za kukaa muda mrefu alizipa majina ya kiume, na moja iliyomchelewesha mpaka giza likaingia ikawa Otieno. Na siku ile mvua ilipopiga tambarare yote ya Kano, yule mleta maziwa akafika amelowa mpaka kwenye mifupa, akisema barabara ya Ahero inafungwa nyuma yake na hajui atarudi lini, jibini iliyotokana na maziwa hayo Mama aliiita Akoth. Akishaipa jina hakusahau tena. Alijua imezaliwa lini, imefutwa lini, inakohoa wapi.

Mimi pia ni Akoth. Nami nilizaliwa mvuani.

Mambo ya majina hayo nilikuja kuyajua baadaye. Wakati ule watoto hatukuruhusiwa kuingia kwenye chumba cha mkaa, kwa sababu mikono yetu ilitoka kwenye matope na matope yana ukungu wake. Kazi yangu ilikuwa nje: kubeba maji kutoka bombani na kumwaga juu ya kuta mkaa ukianza kufifia weusi wake. Ukimwaga maji polepole, mkaa hunyamaza, na unaweza kusikia kila kinachosemwa ndani.

Siku hiyo nilikuwa nimesimama kwenye kigoda, ndoo begani, na ndani Anti Peres akasema, "Akoth amekuwa laini upande mmoja. Na ameanza kunuka."

Mama akasema ni joto. Akasema Akoth anatoa jasho kuliko wenzake wote, na akiachwa hapa mpaka mvua za mwisho wa mwaka ataharibika kabisa.

"Na nilikuambia usimweke karibu na Otieno," alisema Anti Peres. "Angalia alichomwambukiza."

"Nimeona. Aende Nairobi mapema, kule kuna baridi. Nimeshazungumza na yule mama wa hoteli."

"Mdogo hivi?"

"Heri aende mdogo kuliko abaki aoze."

Nyumbani tulizungumza Kijaluo, na hapo ndipo lugha iliponiponza. Kwa Kiswahili ningesikia imekuwa laini, imeanza kunuka, nikajua ni kitu kinasemwa. Kijaluo hakina mlango huo. Mtu na jiwe na jibini vyote hupita palepale. Nilisikia tu kwamba Akoth amelainika, kwamba Akoth ananuka, kwamba Akoth anakwenda.

Na Otieno? Otieno alikuwa mtoto wa jirani yetu, mkubwa wangu kidogo, mwenye pengo la jino na kikohozi kisichokwisha. Sisi wawili tulishinda kwenye matete tukitafuta mayai ya ndege. Nilishangaa Mama alijuaje.

Usinicheke mapema. Nilikuwa na sababu ya kuamini. Mwaka uliotangulia, kiwanda kilipofungwa na Mama akawa hana hata unga wa kesho, Baba Mkubwa alikuja kutoka Eldoret akaondoka na dada yangu Adhiambo, mtoto wa jioni kama jina lake. Mama alimwambia Adhiambo ni muhula mmoja tu. Adhiambo alilia mpaka akatapika kwenye viatu vyake vipya. Muhula ulikwisha, mwingine ukaja, na likizo zikapita, kila likizo na sababu yake: nauli, au masomo ya ziada, au mke wa Baba Mkubwa amejifungua na Adhiambo anasaidia. Kitanda chetu kilibaki na shimo upande wa ukutani mahali alipolala, na mimi nilijifunza kwamba nyumba inaweza kumpunguza mtu mmoja na ikaendelea kupika chai kama kawaida.

Kwa hiyo niliposhuka kwenye kigoda, nilianza kazi ya kujirekebisha.

Nilianza na harufu. Nilioga asubuhi, nikaoga nikitoka shule, nikajinusa kwapa kila mara kama mtu anayesoma saa. Niliacha kukimbia ili nisitoke jasho. Nilitembea taratibu kama mke wa mchungaji, kando ya vivuli, wenzangu wakinipita wakinisukuma. Darasani sikuweza kukaa. Kila wazo lilinisimamisha, mpaka mwalimu akaniuliza kama nimekalia siafu, na darasa zima likacheka nami nikafikiria kwamba hata mwalimu ameona ninavyohangaika, atamwambia Mama, na safari itaharakishwa.

Otieno nilimwacha bila maelezo. Alikuja uani akapiga mluzi wetu, nikajifanya kiziwi. Alinifuata bombani.

"Siku hizi unajiona wa Milimani, kwa matajiri," alisema. "Hata salamu?"

Nilimwambia akae mbali, anaambukiza. Akaangalia mikono yake, mbele na nyuma, akauliza anaambukiza nini. Sikujua nini. Nilisema, "Wewe unajua." Aliondoka akikohoa, na kwa mara ya kwanza nilikisikia kikohozi chake kama kitu kinachoweza kuruka.

Kisha nikasikia habari ya chumvi. Kupitia ukutani Mama alisema Akoth asuguliwe chumvi mara kwa mara, labda atakaza. Nilichota chumvi jikoni, nikajifungia chooni, nikajisugua mikono, shingo, miguu. Gotini nilikuwa na mchubuko wa matete. Nilisugua hapo pia, kwa nguvu zaidi, nikiuma upindo wa gauni ili nisipige kelele, kwa sababu niliamini panapouma ndipo pamelainika. Jioni Mama aliona punje nyeupe nyuma ya sikio langu akauliza ni nini. Nikasema nilikuwa napika. Alitaka kuuliza zaidi, nikaiona ile nia usoni mwake, halafu macho yake yakaondoka. Ilikuwa zamu ya mtu fulani kugeuzwa.

Jambo lililoniumiza kuliko chumvi ni kwamba Mama alianza kuwa na furaha. Yeye aliyekuwa akizunguka nyumba kama kuku anayetafuta pa kutagia, sasa aliimba akiosha vyombo. Alinunua kitambaa cheupe kipya, laini, akakikata na kukipinda kingo zake kwa mkono. Nilimwuliza ni cha nini. Akasema ni cha Akoth, akanitekenya shavu na kucheka kwa mzaha wake, kumbe alidhani nimeshaufahamu mchezo wa majina, kwamba nilikuwa nausikia siku zote kupitia ukutani. Nilitazama kile kitambaa na kukiona gauni la safari. Alimwambia Anti Peres, mbele yangu kabisa, kwamba Jumamosi gari litakuja, na kwamba Akoth akipendwa huko, wengine watafuata. Nilihesabu wengine ni nani. Hakukuwa na mtoto mwingine aliyebaki.

Jumamosi niliamka nikiwa nimeamua jambo moja: sitalia kama Adhiambo. Nilifikiri labda kilio kile ndicho kilichomchosha Mama, ndiyo sababu hakumrudisha. Nilioga. Nilivaa gauni la kanisani na viatu vilivyoanza kunibana. Kwenye mkoba wa shule nilitia nguo, kitana, na ganda la yai la ndege ambalo Otieno alinipa, nikalifunga kwenye soksi. Pikapu ilipoingia uani nilikuwa nimeshasimama kando ya njia, mikono nyuma.

Dereva alikuwa mtu mnene mwenye kofia ya timu ya mpira. Aliteremka, akajinyoosha, akanitazama toka viatuni mpaka kwenye ribani.

"Na wewe mrembo, safari ya wapi?"

"Nairobi," nilisema. "Mimi ndiye Akoth."

Akakuna kichwa chini ya kofia. Akasema ameambiwa aje kumchukua Akoth, ni kweli, lakini hakuna aliyemwambia kwamba anapanda mbele na anataka mkanda. Wakati huohuo mlango wa chumba cha mkaa ukafunguka, Anti Peres akatoka amebeba kitu kizito kilichofungwa kwenye kile kitambaa cheupe, amekipakata kama mtoto wa kubatizwa, naye anasema kwa sauti ya sherehe, "Haya, pisheni, Akoth ndiye huyu."

Kisha akaniona. Aliona gauni, ribani, mkoba. Tabasamu lake lilibaki usoni kwa muda bila kazi.

"Sasa nibebe Akoth yupi?" dereva aliuliza, akaangua kicheko. Alicheka peke yake.

Mama alikuwa nyuma ya Anti Peres, mikono imelowa. Alikuja akachuchumaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwa na muda nalo siku za kawaida, akauliza nani ameniambia kwamba ninasafiri.

"Wewe," nilisema. "Ulisema nanuka. Ulisema heri niende mdogo kuliko nibaki nioze."

Nilimwona akirudi nyuma kwenye maneno yake, moja baada ya jingine, mpaka mahali nilipokuwa nimesimama na ndoo. Akanigusa goti, mchubuko uliokuwa umekataa kupona, na nadhani hapo akaielewa na chumvi. Alifunua pembe ya kitambaa akanionyesha: duara la rangi ya manjano, lenye ubapa upande mmoja, linalotoa jasho. Akanieleza kwa sauti ndogo habari za majina. Nilielewa upesi. Nilielewa kila kitu, na bado miguu yangu haikutaka kuiacha ile njia.

"Kwa nini hukuniuliza?" Mama alisema.

"Ningeuliza, ungesema ndiyo."

Alifumba macho. Alipoyafumbua aliniambia hanipeleki popote, wala Nairobi wala kwingine, nikae nimwamini.

"Hata Adhiambo ulimwambia muhula mmoja."

Sikusema kwa hasira. Nilikuwa namkumbusha tu, kama mtoto anavyomkumbusha mtu mzima kitu alichosahau dukani. Lakini Anti Peres aligeukia ukutani, na dereva akavua kofia yake akaanza kuikagua.

Mama aliinuka. Aliichukua ile jibini mikononi mwa mdogo wake, akaiweka mwenyewe kwenye kasha lililotandikwa majani ya mgomba mabichi, akampa dereva maagizo: asiiache juani, asiilundikie mizigo, akifika Nakuru asimame aigeuze. Dereva aliitikia kila neno, na bila mzaha. Gari likatoka likiyumba kwenye mashimo ya njia yetu. Ndani ya kasha lile kulikuwa na kazi yote ya Mama ya msimu ule na kila tumaini lake, na yeye hakulitazama likiondoka. Alikuwa akinitazama mimi.

Nilimwuliza kwa nini alimpa jina langu. Kwa nini asimwite jina lingine.

"Jina lako nalitaja siku nzima," alisema. "Akoth njoo, Akoth acha. Halinidhuru. La dada yako ndilo sikuliweza. Jibini za jioni zote nasema tu yule wa jioni."

Kisha akaingia ndani kutafuta simu. Wakati ule simu ilikuwa moja tu ya nyumba nzima, na Anti Peres akatumwa mbio dukani kununua kadi ya kukwaruza. Mama alisimama katikati ya ua akazungumza na Baba Mkubwa. Kwanza alisalimia kwa heshima zote, akauliza mifugo, akauliza mtoto mchanga. Halafu akasema shule zikifungwa Adhiambo aje nyumbani. Nilisikia sauti ya Baba Mkubwa ikirefuka ndani ya simu, nikaweza kukisia: shule ya huku ni nzuri, nyumba yenu ni ndogo, kazi yako haijasimama, utamlisha nini. Mama alikuwa akizunguka ua, akigusa waya wa kuku, akigusa kamba ya nguo, akigusa kichwa changu akipita.

"Nimekusikia, Baba," alisema. "Umetusaidia na Mungu anajua. Sasa aje. Na aje na sanduku lake lote, asiache hata kitana."

Simu ilikatika, au muda wa kadi uliisha, sijui. Alibaki ameishika sikioni.

Zile wiki za kusubiri zilikuwa ndefu kuliko za kuogopa. Sikujua kama Baba Mkubwa angekubali, na Mama pia hakujua, nilimwona akiganda kila simu ilipolia. Nilirudi kukimbia, nikatoa jasho bila hofu. Nilimpelekea Otieno maneno ya kuomba radhi ambayo hakuyaelewa, naye akanisamehe ili tuendelee na mayai. Mama aliniruhusu kuingia kwenye chumba cha mkaa baada ya kuniosha mikono mpaka viwiko, akanionyesha namna ya kumgeuza Akinyi kwa viganja bila kumchoma kwa vidole. Ndani mlikuwa kimya na baridi, na jibini zote zilionekana kama zimeshika pumzi.

Adhiambo alifika siku ya jua kali, juu ya bodaboda, sanduku la bati mbele ya tumbo. Alikuwa amerefuka. Alisalimia kwa Kiswahili, kisha akajisahihisha, na Kijaluo chake kilikuwa kimeshika kutu kidogo pembeni. Mama alimshika uso kwa mikono miwili, akamgeuza huku na huku, akimkagua. Nami nilisimama kando nikiwa na hotuba nzima niliyoitunga. Sikupata nafasi ya kuitoa. Adhiambo aliingia chumbani, akaona nguo zangu upande wa ukutani, akazibeba zote akazitupa upande wa pili. Nikamwambia huo sasa ni upande wangu. Akasema nani kasema. Nikazirudisha, akazitupa tena, nikamvuta ribani, akanifinya palepale gotini.

Mama alikuja mpaka mlangoni, mikono ikidondosha maji ya chumvi sakafuni. Nilingoja atufokee. Aliegemea kizingiti akatusikiliza tukipigana, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa akielekea mahali pengine.